Kompyuta Isiyowaka Asubuhi: Kisa cha Karakana ya Tarizi, Ndia Kuu

Katika mwezi wa Mlisho, majuma matatu kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, niliitwa kwenye karakana ya kutarizi kanzu iliyo katika kichochoro kinachoteremka kutoka Ndia Kuu kuelekea Bandari ya Kale. Huo ni msimu ambao washonaji wa Mombasa hawapati usingizi, kwa kuwa kila nyumba inataka kanzu mpya za Idi, na hapo kompyuta ya mezani inayobeba michoro yote ya tarizi ilikuwa imekataa kuwaka kwa siku mbili mfululizo. Mwenye karakana, mama wa makamo ninayemwamkia kila nipitapo mtaani, aliitikia shikamoo yangu kisha akasema, "Mwanangu, mafundi wawili washaniambia niitupe. Nami siwezi kuitupa, ruwaza zote za marehemu zimo humu."

Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimeona kompyuta nyingi za umri huo zikiishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa ubaya mdogo ambao ungetengenezeka kwa saa chache, na pia kwa sababu kosa moja katika kisa hiki lilikuwa langu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na bodi iliyotengenezwa mwaka 2002, prosesa ya Pentium 4, ramu ya MB 256, diski ngumu ya GB 20 na Windows 98 toleo la pili. Nyuma yake, kwenye tundu la printa lenye matundu 25, kulikuwa na kifunguo cha programu, yaani kipande cha plastiki chenye ukubwa wa kiberiti, ambacho programu ya kuchorea tarizi hukiuliza kila inapofunguliwa, na isipokipata hujifunga papo hapo. Mchoro ukishakamilika, ulihifadhiwa kwenye flopi ya inchi 3.5, na flopi hiyo ikapelekwa chumba cha pili kwenye mashine ya kutarizi, ambayo inashona vizuri mpaka leo lakini haijui USB wala mtandao, na husoma flopi za KB 720 peke yake. Kwa hiyo thamani ya kompyuta hii ilikuwa katika nafasi yake kama pingu ya katikati ya mnyororo, na pingu hiyo ikikatika, mashine ya kutarizi iliyogharimu fedha nyingi mno inabaki pambo.

Mtu atauliza kwa nini mama huyu hakununua kompyuta mpya na kuhamishia kila kitu huko. Mafundi wawili aliowaita kabla ya kunipigia simu walimshauri hivyo hivyo, na mmoja wao alijaribu kweli. Alichukua waya wa kugeuza USB kuwa tundu la printa, akachomeka kifunguo, na programu haikukiona, kwa sababu waya za namna hiyo huzungumza na printa tu, ilhali programu ya zama zile huligusa tundu moja kwa moja na kusoma majibu ya pini zake. Kadi ya PCI, ile inayochomekwa ndani ya kompyuta, yenye tundu halisi la printa nayo haikufaa, kwa kuwa kwa kawaida huipa kompyuta anwani nyingine, na programu hii hutafuta kwenye 378 pekee, anwani ya tangu zamani ya tundu la kwanza la printa.

Kuna sababu ya pili iliyo nzito zaidi, na inahusu faili zenyewe. Mashine ya kutarizi hupokea faili za DST, ambazo hazina mchoro ndani yake, ila hatua za sindano: kila mshono umeandikwa kwa baiti tatu, hatua moja haiwezi kuzidi milimita 12.1, na mbele ya yote kuna baiti 512 za maelezo. Ukitaka kuipanua faili ya DST ili shingo ya kanzu ya mtoto imfae mtu mzima, mishono hutawanyika na kitambaa kikaonekana kati ya nyuzi. Ukiipunguza, nyuzi hurundikana na sindano ikavunjika. Mchoro wa asili, ule wenye mistari na maumbo ambayo programu huyahesabia mishono upya kwa kila saizi, umo katika faili za programu ile ya zamani na hufunguliwa na programu ile peke yake, na kifunguo kikiwa mahali pake. Marehemu mume wa mama huyu alichora ruwaza 61 za shingo kwa miaka mingi, baadhi akizinakili kutoka kwenye kanzu zilizotariziwa kwa mkono za wazee wa Mji wa Kale ambao hawapo tena.

Kabla ya kugusa bisibisi niliketi na binti wa mwenye karakana, ndiye anayeitumia kompyuta kila siku, nikamwomba anieleze historia ya ugonjwa tangu mwanzo. Alisema ilianza kusumbua mwezi wa Julai wakati wa kusi. Asubuhi ukibonyeza kitufe hakuna kitu, hata feni haizunguki. Ukirudia rudia kwa muda, siku nyingine inaamka. Mimi mwenyewe niliitwa wakati ule. Nilibonyeza mara kadhaa bila mafanikio, nikatoa kadi za ramu, nikasugua miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, nikazirudisha, nikajaribu tena mara kadhaa, na kompyuta ikawaka. Niliandika katika daftari langu kwamba ubaya ulikuwa unyevu kwenye miguu ya ramu, nikapokea malipo yangu na kuondoka. Ulikuwa uchunguzi mbovu. Ramu yenye mguso mbaya huacha feni izunguke huku skrini ikibaki nyeusi. Feni isiyozunguka kabisa inaelekeza kwenye umeme, na dalili hiyo ilikuwa mbele ya macho yangu.

Kisha binti akasema jambo ambalo alikuwa amewaambia mafundi wote waliotangulia na hakuna aliyelizingatia. Mama yake, kwa kuogopa moto, alikuwa na desturi ya kuzima swichi ya ukutani kila jioni. Mwezi wa Septemba binti aligundua kwamba akiiacha swichi hiyo wazi usiku kucha, asubuhi kompyuta huwaka kwa mbonyezo mmoja. Tangu hapo hakuizima tena, na kwa miezi mitano mambo yalikuwa shwari, mpaka siku stima ilipokatika mtaa mzima kwa saa nyingi. Iliporudi, kompyuta haikuwaka tena.

Maneno hayo yalinitosha kujua pa kutafuta. Saplai ya umeme ya kompyuta za aina hii hailali kabisa: maadamu swichi ya ukutani iko wazi, kuna sakiti ndogo inayotoa volti 5 za kusubiri, na ndiyo inayosikiliza kitufe cha kuwashia. Ndani ya sakiti hiyo huwa kuna kapasita moja au mbili ndogo za elektroliti, yaani vijisehemu vinavyohifadhi umeme kwa muda na vyenye majimaji ndani. Majimaji ya kapasita yanapokauka, ukinzani wake wa ndani hupanda, na hupanda zaidi ikiwa imepoa. Ikipata joto hurudi kufanya kazi kwa shida. Swichi iliyoachwa wazi usiku ilikuwa ikiipasha kapasita hiyo moto, kwa hiyo asubuhi ilikuwa tayari. Lakini joto hilo hilo la saa 24 kila siku ndilo lililomalizia majimaji yaliyobaki, hivyo kwamba umeme ulipokatika na kapasita ikapoa, haikuwa na nguvu ya kuanza tena.

Hata hivyo sikuanza na saplai. Jambo la kwanza lilikuwa kumwomba kila mtu pale asibonyeze kitufe tena, kwa sababu saplai mgonjwa inaweza kutoa volti zinazoyumba, na volti zinazoyumba huua diski. Niliitoa diski ngumu nikaiunganisha na kompyuta yangu kwa adapta ya IDE, muunganisho wa diski wa zama zile, nikainakili yote kwa ddrescue, programu ya bure ambayo husoma kwanza sehemu nzima za diski, huweka kumbukumbu ya zile zilizoshindikana, kisha huzirudia taratibu bila kuichosha diski. Kazi hiyo ilichukua usiku mzima. Kufikia adhana ya alfajiri nakala ilikuwa imekamilika, ikipungukiwa na sekta 41 tu, yaani vipande vidogo vya diski, na nilipofuatilia sekta hizo ziliangukia faili za muda za Windows. Michoro yote 61 ilikuwa salama. Nilimpigia mama simu kabla hata ya kunywa chai, kwa kuwa nilijua naye hakulala.

Saplai niliichukua nyumbani. Kwenye plagi yake kubwa, waya wa zambarau ndio wa volti 5 za kusubiri, na kwa kanuni za ATX, zinazofuatwa na saplai za kompyuta za mezani, unapaswa kuwa kati ya volti 4.75 na 5.25. Mita yangu ilionyesha 3.9. Nilichomoa waya wa umeme, nikasubiri, nikafungua boksi, nikahakikisha kwa mita kwamba zile kapasita mbili kubwa hazina chaji. Hapa sitaki mtu afanye haraka, kwa sababu umeme wetu wa volti 240 ukishanyooshwa hufikia karibu volti 340, na kapasita hizo zinaweza kuushikilia hata baada ya plagi kuchomolewa. Karibu na bati la kupozea, imebanwa kabisa ubavuni mwake, nikaona kapasita ndogo ya mikrofaradi 47, volti 50. Kichwa chake hakikuvimba. Kwa macho ilikuwa nzima, na nadhani ndiyo maana mafundi waliofungua saplai hii kabla yangu waliifunga tena. Niliipuliza kwa kikausha nywele kwa dakika mbili huku umeme ukiwa umechomolewa, nikafunga boksi, nikachomeka, nikapima waya wa zambarau mara moja: 4.6. Ilipopoa ikarudi 3.9. Hapo sikuhitaji ushahidi mwingine.

Niliibadilisha kwa nyingine ya thamani ile ile, inayostahimili nyuzi 105, na nikaiachia miguu mirefu kidogo ili ikae mbali na bati la moto. Umbali huo mdogo una maana kubwa, kwa sababu kapasita za elektroliti hukadiriwa kuishi maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopungua, na mtengenezaji aliyeigandamiza kwenye bati alikuwa ameipunguzia umri tangu siku ya kwanza. Kipimo kipya kilikuwa volti 5.08.

Bodi nayo ilikuwa na maradhi yake. Kando ya soketi ya prosesa kulikuwa na kapasita tano kubwa, na tatu kati yake zilikuwa zimevimba vichwa, moja ikiwa imetoa utando wa kahawia kwenye alama ya msalaba iliyo juu. Yeyote anayetunza kompyuta zilizotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2007 aitarajie hali hii, kwa maana katika miaka hiyo kapasita nyingi zenye elektroliti mbovu ziliingia katika bidhaa za viwanda vingi duniani. Nilizibadilisha zote tano. Bodi ya tabaka nyingi hunyonya joto la chuma cha kulehemu, na fundi mwenye chuma kidogo hushawishika kuivuta kapasita kabla risasi haijayeyuka upande wa pili, akang'oa na utando wa shaba ulio ndani ya tundu. Ni heri chuma chenye nguvu kwa sekunde tatu kuliko chuma dhaifu kwa dakika nzima.

Lakini jambo lililonishughulisha zaidi kwenye bodi hiyo ni chumvi. Dirisha la chumba kile linatazama maji, na upepo wa bahari hupita juu ya meza mchana kutwa. Vumbi lililokuwa kwenye bodi halikuwa vumbi kavu la bara. Ulipolifuta kwa kidole lilinata, na ukikitazama kidole kwenye mwanga uliona kimeng'aa. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji ya hewani na kuyeyuka pale unyevu wa hewa unapofika kiasi cha asilimia 75, na hewa ya Mombasa hufika hapo na kupita mara nyingi, hasa usiku na alfajiri. Maana yake ni kwamba vumbi hilo hugeuka kila usiku kuwa majimaji yanayopitisha umeme na kula shaba, kisha hukauka mchana, kisha hurudia. Kulipuliza kwa hewa, kama wengi wetu tunavyofanya, huondoa vumbi la juu na kuiacha chumvi pale pale. Spiriti peke yake pia haitoshi, kwa sababu chumvi haiyeyuki vizuri ndani yake. Niliiosha bodi kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri za gari, kwa brashi laini, kisha nikaimiminia spiriti ya isopropili iyafukuze maji, nikaiacha siku mbili kivulini mbele ya feni. Mama aliponiona nikiiosha kompyuta yake karoni alishika kifua. Nilimweleza kwamba maji safi hayaui bodi iliyozimwa, iliyotolewa betri na kukaushwa sawasawa.

Betri ya saa, CR2032 ya volti 3, ilikuwa na volti 2.1. Niliibadilisha.

Diski ya zamani sikuirudisha. Badala yake niliweka kadi ya kumbukumbu ya CompactFlash ya GB 32 kwenye adapta ya IDE, na ile nakala ya usiku nikaimwaga juu yake. Kadi hizi zinaelewa lugha ya IDE zenyewe, kwa hiyo adapta ni nyaya tu na haihitaji draiva, jambo ambalo Windows 98 inalishukuru. Muhimu ni kuchagua kadi ya viwandani inayojitambulisha kama diski ya kudumu, kwa maana nyingine hujitambulisha kama kitu cha kuchomoka na Windows ikaleta taabu. Kompyuta sasa huwaka upesi kuliko ilivyokuwa mpya, bila mvumo.

Flopi ndizo zilizonihuzunisha. Karakana ilikuwa na sanduku la flopi zaidi ya hamsini, na nilipotelezesha kile kifuniko cha bati cha ya kwanza niliona vidoa vyeupe vimetapakaa juu ya utepe wa kahawia kama unga uliomwagika. Ilikuwa kuvu. Flopi moja yenye kuvu ikiingia kwenye kisomaji hupaka uchafu kwenye kichwa, na kichwa hicho hukwaruza kila flopi inayofuata, hivyo kwamba mtu anayejaribu moja baada ya nyingine kuona ipi ni nzima huziua zote kwa mkono wake. Zaidi ya hayo, flopi za kweli za KB 720 zilishawaishia, nao walikuwa wakiziba kwa gundi ya karatasi kile kitundu cha pili cha flopi za MB 1.44 ili kisomaji kizidhanie ni za 720. Mbinu hiyo hufanya kazi kwa siku chache, lakini sumaku ya flopi hizo inahitaji nguvu zaidi ya kuandikia, na data yake hufifia.

Kwa hiyo tulikubaliana kuziacha flopi. Niliweka Gotek kwenye mashine ya kutarizi na nyingine kwenye kompyuta. Hiki ni kifaa chenye umbo la kisomaji cha flopi kinachopokea flashi ya USB na kuionyesha mashine kana kwamba ni rundo la flopi zenye namba. Nilivipa vyote viwili FlashFloppy, programu ya bure iliyoandikwa na Keir Fraser, inayokubali flopi za KB 720 bila ugomvi. Kisomaji cha asili cha mashine ya kutarizi nilikisafisha, nikakifunga kwenye mfuko pamoja na mchoro wa nyaya zake, na kimewekwa kabatini.

Katika utunzaji wa kila siku nilibadilisha mambo machache. Swichi ya ukutani imerudi kuzimwa kila jioni, kama mama alivyotaka tangu mwanzo. Lakini kompyuta huwashwa kila siku, hata siku isiyo na kazi, kwa saa moja, kwa sababu katika hewa yetu kompyuta inayofanya kazi hujikausha, na iliyowekwa kabatini huoza. Jalada la plastiki lililokuwa likiifunika niliomba liondolewe, kwa vile hufungia unyevu ndani. Sasa inafunikwa kwa leso ya pamba. Haina mtandao, na haitapata.

Linabaki suala la kifunguo, na hapa sitampa mtu matumaini ya uongo. Nilijaribu kuiendesha nakala ya diski ndani ya kompyuta ya kuigiza, yaani programu inayojifanya kompyuta ya zamani; Windows 98 ilifunguka vizuri, programu ikauliza kifunguo, ikajifunga. Kampuni iliyoiuza programu haijibu barua. Siku kifunguo kitakapokufa, michoro ya asili haitafunguka. Nilichoweza kufanya kwanza ni kukiondoa kwenye hatari za kila siku: nimekiunganisha kwa waya mfupi wa matundu 25 uliofungwa ndani ya meza, ili kisigongwe na ufagio wala kuning'inia kwa uzito wake, na binti anajua kwamba hakichomolewi kompyuta ikiwa imewaka.

La pili lilikuwa kazi yake mwenyewe. Kwa siku tisa, kila baada ya kumaliza oda za mchana, aliifungua kila ruwaza kati ya zile 61, akaipanga kwa saizi nne za kanzu wanazoshona zaidi, 54, 56, 58 na 60, na akaitoa kama DST. Zilipatikana faili 244. Mchoro wa mishono elfu ishirini huchukua baiti elfu sitini na ushei, kwa hiyo flopi moja ya KB 720 hubeba kama kumi na moja, na zote ziliingia katika flopi za Gotek 23, ndani ya flashi moja. Nakala ya pili ya flashi iko kwa mama, ya tatu kwa ndugu yake Likoni, nayo nakala nzima ya diski ninayo mimi. Kifunguo kikifa kesho, karakana haitaweza kubadilisha mchoro, lakini itaendelea kuzishona ruwaza zote kwa saizi hizo nne.

Oda za Idi zilikamilika usiku wa tarehe ishirini na saba ya Ramadhani. Mimi hurudi pale kila baada ya miezi mitatu na mita yangu. Mara ya mwisho waya wa zambarau ulisoma volti 5.06, na binti, kabla sijauliza, alikuwa ameshaandika ukutani kwa penseli tarehe na kipimo, chini ya kile cha mara iliyopita.